Ngamia Huimbiwa, Bibi Harusi Hunyamaziwa

Niliondoka Nairobi nikiwa na hasira, na ni heri niliseme hilo mapema, msomaji asije akadhani nilikwenda Garissa kutazama twiga. Rafiki yangu Hodan alikuwa amepokea ujumbe wa sauti kwenye simu kutoka kwa ami yake. Mdogo wake Hodan, jina lake Ifrah, anaolewa. Hodan aje, karibu sana, ni kwao. Lakini akithubutu kuimba harusini, ami mtu hataketi kwenye nikaha. Baba yao alikwishafariki, kwa hiyo ami huyo ndiye walii wa bibi harusi, na bila walii hakuna ndoa. Baada ya kutisha hivyo ujumbe ulimalizika kwa salamu ndefu za kututakia afya na baraka, utadhani aliyetisha alikuwa mtu mwingine.

Mimi ni mpiga kinanda, mzaliwa wa Mombasa. Hodan ni mwimbaji. Kwa miaka kadhaa tumefanya kazi pamoja katika kumbi za Eastleigh, kwenye sherehe za wanawake pekee, ambako yeye hutunga buraanbur, yale mashairi ya wanawake wa Kisomali ya kumsifu bibi harusi pamoja na mama zake na bibi zake, nami humfuata kwa kinanda. Siku moja mgeni mmoja asiye na haya akamrekodi kwa simu. Video ikaruka kutoka mkono hadi mkono mpaka ikatua soko la mifugo la Garissa, na wazee wa hapo wakamtania ami yake: mwanao anaimba, tukulipe kiingilio? Hapo ndipo marufuku ilipozaliwa. Mzee alitaniwa sokoni na adhabu akaibeba binti.

Jambo lililomuuma Hodan lilikuwa moja. Mama yao alipofariki, Ifrah alikuwa bado mdogo, na Hodan alimwahidi kwamba siku ya harusi yake mama atatajwa. Katika buraanbur, mama asiyetajwa ni kama hakuzaa. "Nikinyamaza," aliniambia akikunja nguo zake, "Ifrah ataolewa kama mtoto wa kuokotwa." Nikafunga kinanda changu kwenye mfuko wake, nikamwambia twende.

Asubuhi ile basi lilitoka Eastleigh likiwa limejaa magodoro na mifuko ya nguo za harusi, si zetu peke yetu. Baada ya Thika kondakta aliwasha televisheni ndogo iliyo juu ya dereva. Akatokea mwanamke wa Kisomali amejitanda kitambaa cha rangi ya machungwa, anaimba wimbo wa mapenzi kwa sauti tamu ya kuyeyusha jiwe. Wanaume wote wakainua macho. Mzee mwenye ndevu za hina aliyekaa upande wa pili alikuwa akitikisa kichwa kwa raha.

Sikuweza kujizuia. "Sheikh, huyu si mwanamke?"

"Ni mwanamke," akanijibu bila kubandua macho.

"Na anaimba."

"Huyu yuko mbali, mama. Hatujui baba yake."

Basi! Nikapata tafsiri ya sheria yote kabla hata ya kufika Mwingi. Mwimbaji ni halali maadamu si mpwa wa mtu unayemjua. Hodan alinikanyaga mguu ninyamaze, na nilinyamaza, ila moyoni niliendelea kugombana na yule mzee mpaka tuliposimama kunywa chai.

Baada ya Bangale ardhi ilikuwa nyekundu, miti imebaki miiba, na joto likaingia madirishani. Kabla ya daraja la Tana basi likasimamishwa. Askari akapanda, akapita katikati akitazama nyuso, akiita, "Wewe, shuka. Wewe, na wewe." Kila aliyemwita alikuwa Msomali. Hodan akashuka na kitambulisho chake mkononi. Nami nikainuka, kwa kuwa nimevaa buibui kama yeye na nilidhani nimeitwa. Askari akaniuliza ninatoka wapi. Nilipofungua mdomo tu, Kiswahili changu cha Mombasa kikanitetea. "Ah, wewe ni mtu wa Pwani. Kaa, mama."

Nilikaa, na nikaona aibu kukaa. Dirishani nilimwona Hodan amesimama juani kwenye foleni ya watu waliozaliwa Kenya kama mimi, wakiulizwa maswali ambayo mimi sijaulizwa maishani. Askari alitazama kitambulisho mbele na nyuma.

"Kazi?"

"Biashara," Hodan akajibu.

Aliporudi kwenye kiti nilimuuliza kwa nini hakusema kweli. Akajipepea kwa kitambulisho. "Nikisema mwimbaji, hapa watacheka na kule ng'ambo watakasirika. Biashara haina maswali." Tukavuka daraja. Mto ulikuwa mpana, rangi ya chai ya maziwa, na yeye hakuutazama.

Garissa tulipokelewa na Eeddo Shukri, shangazi yao, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutoka tumboni. Tuktuk iliyotuleta kutoka stendi ilikuwa ikipiga nyimbo za mapenzi mpaka vioo vinatetemeka. Ilipofika karibu na msikiti kijana aliyeendesha akapunguza sauti, na tulipoupita akaongeza tena. Nikamwambia Hodan kwamba mji huu una muziki mwingi kuliko Nairobi, tatizo lake ni kwamba umeufungia ndani ya tuktuk. Alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Ifrah alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu mbele, hina ikikauka. Alipotuona hakuinuka, angeharibu maua ya miguuni. Alinyoosha mikono tu na kulia. "Abaayo, umekuja," alimwambia dada yake. Kisha akaona mfuko wa kinanda na uso ukabadilika. "Adeer amesema hata hicho kisifunguliwe."

Adeer ndivyo wanavyomwita ami. Eeddo Shukri akaguna. "Mimi nilibiga simu mara ngafi! Anasema hapana, hapana. Kaka yangu kichwa yake ni mawe. Simu hawezi kufungua yeye. Nendeni, mumtazame macho kwa macho. Na mumlete, nikaha iko karibu."

Kesho yake tukachukua gari la kwenda Habaswein, ambako ami yao, mzee Nur, ana ngamia wake. Tulipita Modogashe kabla ya adhuhuri. Karibu nami aliketi mwalimu kutoka Machakos, mtu mpole, anayefundisha huko kwa mwaka wa pili. Aliuona mfuko wa kinanda, ambao niliubeba kwa ukaidi tu, akatabasamu kwa huruma.

"Madam, hicho utakipigia nani? Huku hakuna muziki. Watu na mbuzi, basi."

Umewasikiliza mbuzi peke yao, nilimwambia. Akacheka, akidhani ninamtania. Sikuwa ninamtania. Nilikuwa nimechoka na watu wa aina mbili: wanaosema muziki wa hapa ni dhambi, na wanaosema haupo. Wa pili wanawarahisishia wa kwanza kazi, kwani kisichokuwepo hakina haja ya kutetewa.

Alasiri tukaelekezwa visimani, mwendo mfupi nje ya mji. Kabla hatujaviona tulisikia sauti. Sauti ya mwanaume, nzito, inapanda mara moja na kushuka taratibu, halafu wanaume kadhaa wanaijibu kwa pamoja, kifupi, kwa pumzi. Nilisimama pale pale. Mimi ninajua wimbo nikiusikia.

Visima vile vimechimbwa kwa mikono. Ndani yake wanaume wamesimama ngazi kwa ngazi, kila mmoja anamrushia aliye juu yake ndoo iliyokatwa kutokana na jerikeni, na ndoo zinapanda kwa mapigo ya wimbo bila kumwagika. Juu, kando ya birika la udongo, alisimama mzee mrefu mwenye kikoi, fimbo mabegani. Huyo ndiye mzee Nur, na yeye ndiye aliyekuwa akianzisha. Ngamia wengi walingoja mbali kidogo, wametulia, na alipoita jina, kikundi kidogo kikajitenga na kuja. Wale wengine hawakusogea.

"Anasema nini?" nilimuuliza Hodan.

Akanitafsiria kwa sauti ya chini. Mzee alikuwa akimwita kila ngamia kwa jina la mama yake, na mama wa mama yake, akitaja miaka ya ukame waliyoivuka na maziwa waliyotoa. Kisha kiitikio: kunywa, kunywa taratibu, hapa hakuna wa kukufukuza.

Niliposikia hivyo damu ilinipanda. Ngamia anatajiwa mama yake na bibi yake! Ngamia anaambiwa hakuna wa kumfukuza, neno ambalo Hodan hajawahi kuambiwa na askari wa daraja wala na walii wake! Nilitaka kwenda pale birikani niseme, na ningesema, ila Hodan alinitangulia kwa namna ambayo sikuitarajia. Ngamia mmoja mzee alikuwa amefika kwenye birika, akainua kichwa, hataki. Mzee Nur alikuwa amekaukiwa na koo, sauti ikamkatika. Hapo Hodan, aliyekuwa nyuma yangu, akaidaka. Alianza palepale ilipokatika, na wanaume waliokuwa kisimani wakamjibu bila hata kutazama juu. Ngamia akainamisha shingo, akanywa.

Hakuna aliyeguna. Hakuna aliyesema astaghfirullah. Mzee alimtazama Hodan, akanywa maji kidogo kiganjani, akaacha mpwa wake amalize kikundi kile na kingine.

Tulipoketi kivulini na maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, Hodan alimsalimu kwa adabu zote, akamuulizia afya, mvua, malisho. Baadaye akaniambia kwa Kiswahili, ili ami yake naye asikie, "Adeer hakujaliwa mtoto wa kiume. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsaidia hapa. Kuimba nimefundishwa na huyu."

Nikaona mlango umefunguka. "Mzee, basi mruhusu amwimbie mdogo wake."

"Hapana."

"Lakini sasa hivi ameimba mbele ya wanaume."

"Ile si wimbo, mama." Alisema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Ile ni kazi. Ni kunywesha. Ngamia hapana kunywa fizuri bila sauti. Harusi ni starehe. Starehe ya Nairobi, bideo, watu wanacheka mimi sokoni."

"Kwa hiyo ngamia ana haki ya sauti ya Hodan, Ifrah hana?"

"Ngamia ana kiu," akasema. "Ifrah hana kiu."

Sijawahi kuwa karibu hivyo kumwagia mtu maziwa. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema, na ingawa nguruwe si mnyama wa kumtaja mbele ya mzee yule, nilimtaja moyoni. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakuwa mtu mbaya. Alitukatia vipande bora vya nyama, akanipa mto wake niegemee. Alimpenda Hodan waziwazi. Alimpenda, na alitaka anyamaze, na hakuona shida kati ya mambo hayo mawili.

Kesho yake tulirudi Garissa pamoja naye, yeye mbele na dereva, sisi nyuma. Tukafika Modogashe. Hapo Hodan aliniambia hataimba. Akiimba, mzee atanyanyuka, ndoa itavunjika, na aibu ataibeba Ifrah. "Nimeahidi kumtajia mama, sikuahidi kumharibia maisha." Nilimwambia huo ni utekaji nyara. Akasema anajua.

Jioni Ifrah alitaka kusikia yote, neno kwa neno. Hodan akamsimulia kisima, ngamia mzee, na jibu la adeer. Bibi harusi alisikiliza akitazama hina yake.

"Alisema hivyo? Ifrah hana kiu?"

"Hivyo hivyo."

"Haya," akasema Ifrah, akalala.

Siku ya harusi, baada ya alasiri, ua wa Eeddo Shukri uligawanywa kwa turubai la buluu. Upande mmoja wanaume na sheikh wa kufungisha nikaha, upande mwingine sisi wanawake, udi unafuka, bilauri za sharubati zinapita. Kinanda changu kilikuwa chumbani ndani ya mfuko wake kama mgonjwa. Wanawake walikaa wakimtazama Hodan, na Hodan alitazama chini. Kila mtu alijua ni nani angepaswa kusimama. Nimeona matanga yenye uchangamfu kuliko harusi ile. Upande wa pili tulimsikia mzee Nur akikohoa, tayari kwa kazi yake ya uwalii.

Ndipo Ifrah akainuka na dhahabu zake zote, akaenda mpaka kwenye beseni kubwa la maji ya kunawia, akapiga magoti mbele yake.

"Abaayo," alimwambia dada yake kwa sauti ambayo turubai halikuweza kuizuia, "nina kiu."

Mwanzoni hakuna aliyeelewa. Halafu Eeddo Shukri, ambaye alikuwa ameshasimuliwa maneno ya kaka yake, akapiga kofi mapajani. "Wallahi, mtoto ana kiu! Mnyweshe!" Akatwaa jerikeni tupu, akaligeuza chini juu mbele yangu. Nimepiga kinanda katika kumbi kubwa, wala sijapata kupokea chombo kwa furaha kama nilivyolipokea lile jerikeni.

Hodan alisimama. Kisha akaanza, si buraanbur, bali ule wa kisimani, wenyewe, kwa sauti yake iliyopanda mara moja. Akamwita Ifrah kwa jina la mama yao. Akamtaja mama wa mama yao, akataja miaka ya ukame waliyoivuka na watoto waliowalea bila baba. Wanawake waliitikia kwa pumzi: kunywa, kunywa, hapa hakuna wa kukufukuza. Eeddo Shukri alichota maji kwa kiganja, Ifrah akanywa huku machozi yakidondokea humohumo. Mwanamke mmoja akasema naye ana kiu. Punde wote walikuwa na kiu. Nilipiga jerikeni kwa hasira zangu zote za safari, kwa ajili ya mzee wa basini na askari na mwalimu, na kadiri nilivyopiga ndivyo wimbo ulivyozidi kwenda mbio.

Upande wa wanaume ukawa kimya. Nikajua tumekwisha. Nilimwona Hodan akitazama turubai huku akiimba, rangi imemtoka, akingoja kusikia viti vikisukumwa.

Sauti ya mzee Nur ikapaa juu ya turubai, kali.

"Bole bole, Hodan! Unakimbia! Unamfukuza huyo!"

Tukanyamaza sote. Nadhani naye alishtuka kujisikia. Wanaume wawili watatu wakacheka, kisha wakajizuia. Hodan akavuta pumzi, akanishika bega niache kukimbia, akauanza upya taratibu, kama inavyotakiwa. Aliumaliza. Na baada ya kumaliza, tukasikia sheikh akimuuliza walii kama yupo tayari, na walii akasema yupo.

Nisingependa msomaji afurahi mapema. Mzee hakutoa ruhusa siku ile wala kesho yake, na hakuomba radhi. Wakati wa kuagana alimwambia mpwa wake maneno machache tu, "Nairobi imekuharibia mabigo ya wimbo. Unakimbia sana," akampa kibuyu cha maziwa. Hodan alikipokea akicheka. Mimi sikucheka. Bado ninauliza kwa nini bibi harusi apige magoti kwenye beseni la kunawia ndipo atajiwe mama yake, na kwa nini haki ipenyezwe kama magendo. Hila ile ilikuwa tamu, lakini mtu huru hahitaji hila.

Siku ya kurudi, darajani, mambo yalikuwa yaleyale. Wewe shuka, wewe kaa. Safari hii nilishuka bila kuitwa, nikasimama kando ya Hodan juani. Askari, si yule wa kwanza, aligeuza kitambulisho chake mbele na nyuma.

"Kazi?"

Hodan akamtazama askari machoni. "Mwimbaji."

Askari akainua nyusi, akawakonyeza wenzake. "Mwimbaji? Haya, tuimbie kidogo, tuone kama ni kweli."

Foleni nzima ikamtazama. Nilimwona akilitazama lile daraja, na mto, ambao safari hii aliutazama sana.

"Siimbi kwa kuamrishwa, afande."

Askari alimweka pale juani mpaka wengine wote walipokwisha kupanda na dereva akaanza kupiga honi. Kisha akamrudishia kitambulisho bila kumtazama usoni. Nilichojifunza katika safari hii nilijifunza hapo. Anayekuamuru unyamaze na anayekuamuru uimbe ni ndugu, kila mmoja anadai kwamba koo lako ni mali yake.

Tulipopita Bangale, hakuna aliyemwomba, Hodan aliegemeza kichwa dirishani na kuanza wimbo wa kisimani kwa sauti ya chini. Mama mmoja nyuma yetu akaitikia. Mimi nilikuwa bado ninachemka, vidole vikaanza kupiga juu ya mfuko wa kinanda, haraka, kwa nguvu. Hodan akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Taratibu, Rukia," akasema. "Hakuna wa kutufukuza."